Flashi Ilivyopewa Kazi ya Diski

Tarehe 30 Januari 2007 Microsoft ilianza kuwauzia watu wa kawaida Windows Vista, na kompyuta nyingi za nyumbani zilizokuwa zikienda vizuri na Windows XP zikaonekana ghafla kuwa zimezeeka. XP ilipotoka Oktoba 2001, mwenye RAM ya megabaiti 128 alifanya kazi zake bila manung'uniko. Vista ilidai megabaiti 512 ili tu ikubali kukaa, na aliyetaka kuona madirisha yake yanayopenyeza mwanga kama kioo alishauriwa awe na gigabaiti nzima. Katika mambo mapya yaliyokuja nayo kulikuwa na moja lililomlenga hasa mtu mwenye kompyuta nzito na mfuko mwepesi: ukichomeka flashi pembeni mwa mashine, Windows inakuuliza kama unapenda kuitumia kuongeza kasi. Jambo hilo liliitwa ReadyBoost.

Watu wengi walilichukulia kama kiini macho. Halikuwa hivyo. Lilikuwa jibu la kweli kwa tatizo lililokuwepo kabla Microsoft haijazaliwa, na ili kulipima kwa haki inabidi kuanza na diski.

Septemba 1956 IBM ilionyesha mashine iliyoitwa RAMAC, iliyobuniwa San Jose, California, na kikosi kilichoongozwa na mhandisi Reynold Johnson. Ndani yake mlikuwa na sahani 50 zilizopakwa rangi ya sumaku, kila moja ikiwa na kipenyo cha inchi 24, zikizunguka mara 1,200 kwa dakika. Zote pamoja zilibeba herufi milioni tano. Kabla ya hapo data nyingi zilikaa kwenye kadi za matundu au kwenye tepu, na aliyetaka taarifa iliyo katikati ya tepu hakuwa na njia ila kuipitisha yote iliyotangulia. RAMAC iliruka moja kwa moja. Mkono wake ulipanda au kushuka kando ya mnara wa sahani, ukachagua moja, ukaingia ndani, kisha ukasubiri sehemu inayotakiwa izunguke hadi ifike chini ya kichwa cha kusomea. Kazi hiyo ilichukua kama milisekunde 600 kwa wastani, zaidi kidogo ya nusu sekunde, na kwa makarani wa wakati ule hayo yalikuwa maajabu.

Kwa miaka 50 iliyofuata sahani zilipungua ukubwa hadi zikaenea kiganjani, na nafasi yake ikaongezeka kupita ndoto za Johnson. Namna ya kusoma haikubadilika. Kichwa kilibaki kitu cha kusogezwa, kama sindano ya santuri, na mashine ilibaki ikikingoja. Diski ya kawaida ya nyumbani mwaka 2007 ilizunguka mara 7,200 kwa dakika. Mzunguko mmoja ulikula milisekunde 8.3, kwa hiyo kwa wastani ulingoja nusu yake. Ongeza milisekunde tisa hivi za mkono kusogea, unapata 13. Hiyo ni kasi inayozidi ya RAMAC mara 45 hivi. Katika muda huohuo kasi ya prosesa ilikuwa imeongezeka mara mamilioni.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo yote. Diski ikiambiwa isome faili moja kubwa lililokaa kwa mfululizo, tuseme filamu, kichwa kinatulia mahali pamoja na data zinatiririka kwa megabaiti 50 au zaidi kila sekunde. Lakini Windows inapowaka, au programu inapofunguliwa, haisomi hivyo. Inadai vipande vidogo vya kilobaiti nne nne vilivyotawanyika diski nzima: mstari wa mpangilio hapa, fonti kule, kipande cha programu upande mwingine. Kwa milisekunde 13 kila safari, diski inamudu safari zipatazo 75 kwa sekunde. Zidisha kwa kilobaiti nne, ni kilobaiti 300 tu kwa sekunde kutoka kwenye chombo kilekile kilichokuwa kikitoa megabaiti 50. Ile sauti ya kukwaruzakwaruza iliyosikika kwenye kompyuta nzito ilikuwa sauti ya mkono ukikimbizwa huku na huku.

Kungoja huko kusingekuwa na madhara makubwa kama diski ingesomwa mara moja tu na mambo yote yakabaki kwenye RAM. Ila RAM ni ghali na haitoshi, na tatizo hilo nalo lina historia yake. Tarehe 7 Desemba 1962 Chuo Kikuu cha Manchester na kampuni ya Ferranti walizindua kompyuta ya Atlas nchini Uingereza. Kumbukumbu yake ya haraka, iliyosukwa kwa vipete vidogo vya sumaku, ilitosha maneno 16,384 ya kompyuta. Nyuma yake kulikuwa na mapipa ya sumaku yaliyozunguka, yenye nafasi ya maneno 98,304. Tom Kilburn na wenzake waliamua kwamba mwandishi wa programu asihangaike kujua kipi kiko wapi. Mashine yenyewe ingegawa kila kitu katika kurasa, na ukurasa unaohitajika ungeletwa kutoka kwenye pipa wenyewe, huku ukurasa mwingine ukiondolewa kuupisha. Waliiwekea hata programu ya kujifunza, iliyochunguza kurasa zilivyotumika huko nyuma ili ikisie ni upi hautahitajika karibuni. Kwa macho ya mtumiaji, kumbukumbu ndogo ya haraka na kumbukumbu kubwa ya polepole zilionekana kitu kimoja.

Hila hiyo imo ndani ya kila kompyuta unayoijua, na simu pia. Lakini ina mahali inapovunjika. Mwaka 1968 mtafiti Mmarekani Peter Denning alieleza kinachotokea kumbukumbu inapozidiwa kabisa: mashine inautoa ukurasa ambao dakika hiyohiyo utahitajika tena, inaurudisha kwa kuutoa mwingine unaohitajika vilevile, na mwishowe inatumia muda wake mwingi kuhamisha kurasa na muda mchache kufanya kazi iliyotumwa. Huku kwetu tunasema kompyuta imeganda. Kipanya kinasogea kwa kushtuka, dirisha linabaki jeupe, taa ndogo ya diski inawaka bila kupumzika. Prosesa haina kosa. Inakingoja kile kichwa.

Kati ya RAM, inayojibu kwa nanosekunde zisizofika hata mia moja au zinazozidi hapo kidogo, na diski inayojibu kwa milisekunde 13, kulikuwa na pengo la mara zaidi ya laki moja. Wahandisi wa miaka mingi walitamani chombo cha kukaa katikati. Chombo hicho kilipatikana Japani, na aliyekitengeneza hakuwa akifikiria kompyuta za nyumbani zinazoganda.

Fujio Masuoka alizaliwa mwaka 1943, akasoma Chuo Kikuu cha Tohoku, akaajiriwa na Toshiba mwaka 1971. Msingi wa kazi yake ulikuwa umewekwa mwaka 1967 katika maabara za Bell nchini Marekani, ambako Dawon Kahng na Simon Sze walionyesha transista yenye kisiwa kidogo ndani yake, kilichozungukwa pande zote na kizio. Elektroni zikisukumwa kwa nguvu za umeme hadi zikaingia kisiwani, zinanaswa humo, hata umeme ukikatwa. Kisiwa chenye elektroni kinasomwa kama tarakimu moja, kitupu kinasomwa kama nyingine. Chipu za kumbukumbu za namna hiyo zilikuwepo tayari, ila zile zilizoweza kufutwa kwa umeme zilihitaji transista mbili kwa kila biti ili kila baiti ifutwe peke yake, kwa hiyo zilikuwa kubwa na ghali.

Masuoka alikubali kupoteza kitu ili apate kingine. Aliacha uwezo wa kufuta baiti mojamoja, akafuta eneo zima kwa mpigo, na hivyo transista moja ikatosha kwa biti moja. Mwenzake Shoji Ariizumi aliona ufutaji huo wa ghafla unafanana na mmweko wa kamera, ndipo jina la flashi likapatikana. Masuoka aliwasilisha kazi hiyo San Francisco mwaka 1984 katika mkutano wa kimataifa wa wahandisi wa vifaa vya kielektroniki, na mwaka 1987 akaleta aina ya pili, iitwayo NAND, ambayo transista zake zimefungwa mfululizo kama shanga na kushirikiana nyaya, kwa hiyo zinabanana zaidi na bei inashuka zaidi. NAND ndiyo iliyomo kwenye flashi zetu, kadi za kamera na simu.

Tabia mbili za chipu hii zinafaa kukumbukwa, kwa sababu ndizo zilizokuja kuamua ReadyBoost ifanye nini na isifanye nini. Kwanza, haina mkono wa kusogeza: kusoma kipande kilicho mwanzoni na kilicho mwishoni kunachukua muda uleule. Pili, kuandika ni kazi ngumu kwake. Huwezi kuandika juu ya kilichoandikwa bila kufuta bloku nzima kwanza, na kila ufutaji unachosha kile kizio kidogo kinachozuia elektroni, hadi siku moja kinashindwa. Ni kifaa kinachopenda kusomwa kuliko kuandikwa.

Toshiba haikuona mara moja hazina iliyokuwa nayo. Intel ndiyo iliyowahi kuifanya flashi ya aina ya kwanza kuwa bidhaa kubwa, mwaka 1988. Masuoka aliondoka Toshiba mwaka 1994 akaenda kufundisha Tohoku, na mwaka 2004 akaishitaki kampuni yake ya zamani akidai yeni bilioni moja kama sehemu yake halali katika uvumbuzi huo. Walimalizana mwaka 2006 kwa yeni milioni 87. Kwa mtu ambaye kazi yake iko kwenye mifuko ya karibu kila binadamu anayemiliki simu, naona ni malipo madogo mno, na sioni aibu kulisema.

Kwa muda mrefu flashi ilikaa ndani ya vifaa vingine. Ili iwe kitu cha kuchomeka, ilibidi kwanza pawe na tundu la kuichomekea. Tundu la USB lilitangazwa mwaka 1996, na iMac ya Apple ya mwaka 1998 ililipa msukumo kwa kuacha kabisa sehemu ya disketi. Mwaka 2000 walitokea wazazi wawili wa flashi ya kutembea nayo, na ubishi wa nani alitangulia haujaisha. Kampuni ya Trek 2000 ya Singapore, chini ya Henn Tan, ilionyesha ThumbDrive yake kwenye maonyesho ya CeBIT mjini Hannover, Ujerumani. M-Systems ya Israeli, iliyoanzishwa na Dov Moran, ilikuwa imeomba hataza nchini Marekani mwezi Aprili 1999, na kifaa chake kikauzwa na IBM kuanzia mwishoni mwa 2000 kikiwa na megabaiti nane. Leo nane ni kitu cha kuchekesha, lakini disketi ilibeba megabaiti 1.44 na ilikuwa ikiharibika kwa vumbi. Mwaka huohuo wa 2000 ukaja mfumo wa pili wa USB, wenye kasi mara 40 ya ule uliotangulia, na bila huo yote yanayofuata hapa yasingewezekana.

Kufikia mwaka 2005 flashi ya megabaiti 256 au 512 ilikuwa kitu cha mwanafunzi. Microsoft nayo ilikuwa na mzigo. Vista, iliyokuwa ikijulikana ndani ya kampuni kwa jina la Longhorn, ilikuwa imeanzwa upya mwaka 2004 baada ya kuelemewa na mambo yake yenyewe, na kila kilichoongezwa kilidai kumbukumbu: utafutaji unaopekua diski nzima ukiwa nyuma ya pazia, ulinzi, michoro. Wahandisi wa kikundi cha kasi walijua kwamba watu wengi hawatafungua kompyuta zao kuongeza RAM. Wengine wanaogopa skrubu, wengine kompyuta zao hazina nafasi ya kuongezea. Tundu la USB, kinyume chake, kila mtu analo na kila mtu anajua kulitumia. Wazo hilo lilionyeshwa kwa waandishi wa programu mwaka 2005 likiwa na jina kavu la kiufundi, kisha likabatizwa ReadyBoost.

Ilifanya kazi hivi. Vista ilikuwa na sehemu iitwayo SuperFetch, iliyochunguza ni programu zipi unazitumia na saa zipi, ili kurasa zake ziwe tayari kabla hujaziomba. Ni kazi ileile ya programu ya kujifunza ya Atlas. Ukiikubalia flashi, Windows iliandika juu yake faili moja kubwa na kujaza humo nakala za kurasa ambazo SuperFetch ilidhani zitahitajika. Zilibanwa kwanza hadi karibu nusu ya ukubwa wake, kwa hiyo flashi ya gigabaiti moja ilibeba kurasa za takriban gigabaiti mbili. Kisha ombi la kusoma lilipokuja, mashine iliamua njia. Kama ni vipande vidogo vilivyotawanyika, vilichukuliwa kwenye flashi. Kama ni mfululizo mrefu, diski iliachiwa, kwa kuwa hapo diski ilikuwa na mbio kuliko flashi. Kila mmoja alipewa kazi anayoiweza. Hapa ndipo ninapowavulia kofia waliobuni jambo hili: waliijua vizuri diski na waliijua vizuri flashi, na hawakuomba chochote kati ya hivyo kifanye kisichokiweza.

Mtu angeuliza, na wengi waliuliza: nikiichomoa ghafla je? Hakuna kilichoharibika, maana flashi ilibeba nakala tu. Kila kilichoandikwa kilikwenda pia kwenye diski, na flashi ikichomolewa mashine ilirudi diskini bila kulalamika. Je, nikiisahau kwenye mgahawa wa intaneti, mwingine akaiokota? Yaliyomo yalifungwa kwa usimbaji fiche wa AES wa biti 128, kwa ufunguo uliotengenezwa upya kila kompyuta ilipowashwa, kwa hiyo aliyeiokota hakupata cha kusoma. Swali la uchakavu lilikuwa la msingi zaidi, kutokana na ile tabia ya pili ya flashi. Matt Ayers, aliyesimamia ReadyBoost pale Microsoft, alieleza kwamba uandishi ulipangwa kwa uangalifu na kwamba flashi ingetarajiwa kudumu zaidi ya miaka kumi.

Si kila flashi iliyopokelewa. Windows iliipa mtihani kwanza: ilitakiwa isome vipande vya kilobaiti nne kwa kasi isiyopungua megabaiti 2.5 kwa sekunde, na iandike vipande vya kilobaiti 512 kwa megabaiti 1.75 kwa sekunde. Megabaiti 2.5 haisikiki kuwa nyingi. Igawe kwa kilobaiti nne, unapata zaidi ya safari 600 kwa sekunde, dhidi ya zile 75 za diski. Mtihani ulipima chombo kizima, kwa sababu wapo watengenezaji walioweka kumbukumbu kidogo ya haraka mwanzoni na ya polepole sehemu yote iliyobaki, na kwenye flashi kama hizo Windows iliikubali ile sehemu ya haraka tu. Flashi nyingi za bei nafuu zilianguka mtihani. Muda si mrefu madukani zikajaa flashi zenye nembo ya kusema zinaifaa ReadyBoost, na bei juu kidogo.

Je, ilisaidia? Wapimaji wa tovuti ya AnandTech walichukua kompyuta yenye RAM ya megabaiti 512, kile kiwango cha chini cha Vista, na kupima kazi moja iliyokuwa ikichukua sekunde 11.7. Walipoweka flashi ya gigabaiti moja, kazi hiyohiyo ikachukua sekunde 2. Kisha wakaiondoa flashi, wakaongeza RAM ikawa gigabaiti moja. Ikachukua sekunde 0.8.

Namba hizo tatu zinatosha kuwajibu wote waliobishana. Waliosema ReadyBoost ni uongo hawakuwa sahihi, maana kutoka 11.7 hadi 2 si jambo dogo kwa aliyekaa mbele ya kioo. Waliosema flashi ni RAM ya bei poa nao walikosea, maana RAM yenyewe ilipoletwa iliipita flashi kwa zaidi ya mara mbili. Na kwenye kompyuta iliyokuwa na gigabaiti mbili tangu mwanzo, flashi ilipata kazi ndogo mno, kwa sababu kurasa zilizohitajika zilikuwa tayari mahali pa karibu zaidi. Faida ilikuwa kubwa kabisa kwa maskini wa RAM, na ilipungua haraka kadiri RAM ilivyoongezeka.

Afrika Mashariki habari hii iliwakuta watu wenye flashi tayari. Kabla kebo ya SEACOM haijafika Mombasa na Dar es Salaam mwezi Julai 2009, intaneti ilitegemea sana setilaiti na ilikuwa ghali, kwa hiyo nyaraka, nyimbo na programu zilisafiri kwa miguu, kwenye flashi iliyoning'inia shingoni au kwenye funguo. Kompyuta nyingi za nyumbani na ofisini zilikuwa zimetumika Ulaya kabla ya kufika kwetu, na RAM zake zilikuwa zilezile za miaka iliyopita. Ni mazingira ambayo ReadyBoost ilikuwa na maana kweli. Lakini habari ilienea ikiwa imepindishwa: watu waliambiana kwamba unaweza kuigeuza flashi iwe RAM. Aliyeamini hivyo alichomeka flashi kwenye kompyuta yenye XP akatafuta kitufe ambacho hakipo, au aliiwekea Vista flashi ya bandia iliyoandikwa gigabaiti nane ikiwa na moja, akashangaa inakataliwa. Mafundi wazuri walieleza tofauti. Walisema: kama nafasi ipo, nunua RAM kwanza, kama haipo, au pesa haijapatikana, flashi itakuvusha.

Microsoft na washirika wake hawakuishia kwenye tundu la USB. Intel ilitoa mwaka 2007 kadi ndogo ya flashi ya kukaa ndani ya kompyuta za mapajani, Turbo Memory, yenye megabaiti 512 au gigabaiti moja. HP na Sony waliikataa kwa kuona faida yake haitoshi, na ikafifia. Mwaka 2010 Seagate iliuza diski ya sahani iliyochanganywa na gigabaiti nne za flashi ndani ya ganda moja, na mwaka 2012 Apple ikaunganisha gigabaiti 128 za flashi na diski kubwa ya kawaida, mtumiaji akiona kitu kimoja. Ukitazama mfululizo huo unaona namba ya flashi ikipanda kila mara, kutoka megabaiti 256 za kwanza za ReadyBoost, na upande wa sahani ukizidi kuwa mahali pa kuwekea tu yale yasiyoguswa mara kwa mara.

Wakati huo bei ya NAND ilikuwa ikianguka. Septemba 2008 Intel ilitoa diski nzima ya flashi, X25-M, gigabaiti 80 kwa dola 595. Ilikuwa ghali sana, lakini haikuwa na kichwa cha kusogeza kabisa, na vipande vidogo vilivyotawanyika ilivisoma kwa maelfu kwa sekunde. Windows 7 ilipotoka tarehe 22 Oktoba 2009 ilikuwa imebeba mabadiliko mawili ya ReadyBoost yanayovutana. Moja liliipanua: sasa ungeweza kutumia flashi hadi nane kwa pamoja, jumla ya gigabaiti 256, pale ambapo Vista iliishia kwenye flashi moja na gigabaiti nne. Jingine liliizima: kama diski kuu ya kompyuta ni ya flashi na ina kasi ya kutosha, Windows iliikataa ReadyBoost na kueleza kwamba haitasaidia chochote. Ile kazi ya katikati ilikuwa imekwisha, kwa sababu pengo la katikati lilikuwa limejazwa kutoka chini.

Biashara nayo ikafuata. SanDisk, iliyokuwa imeimeza M-Systems ya Dov Moran mwaka 2006, nayo ilinunuliwa mwaka 2016 na Western Digital, kampuni iliyojengwa na diski za sahani. Toshiba ilipozama kwenye hasara za kampuni yake ya nyuklia nchini Marekani, kilichoiokoa ni kitengo cha kumbukumbu, ilichokiuza mwaka 2018 kwa takriban yeni trilioni mbili. Tangu Oktoba 2019 kinaitwa Kioxia. Intel ilijaribu tena mwaka 2017 kuweka chipu ya haraka mbele ya diski ya sahani, safari hii ikitumia Optane, kumbukumbu ya aina tofauti na flashi, ya gigabaiti 16 au 32. Ilifanya kazi vizuri kwa waliokuwa bado na diski za zamani, lakini hao walipungua kila mwaka, na Julai 2022 Intel ikatangaza kuifunga biashara ya Optane.

Kompyuta za mwaka 2007 bado zipo, shuleni na kwenye ofisi ndogo, na bado zinaganda. Fundi akiletewa moja ya mapajani leo hatafuti tundu la USB. Anaangalia kwanza kama ubao mama unapokea RAM zaidi, kisha anafungua skrubu chache upande wa chini, anaichomoa diski ya sahani na kuweka ya flashi ya inchi 2.5 iliyotengenezwa kwa umbo lilelile na plagi ileile, ili iingie mahali palepale bila kubadilisha kitu kingine. Windows anaihamisha ilivyo kutoka diski moja hadi nyingine, na mashine iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka inawaka kwa sekunde.